Jumba la vioo juu ya meza: shajara ya kujenga Hardwick Hall kwa plaiwudi

12 Januari

Leo nimenunua plaiwudi ya milimita 3, gundi ya mbao chupa mbili na nyembe mpya za kisu. Mama Asha akauliza kama rafu za jikoni ndiyo zinatengenezwa hatimaye. Nikajifanya sijasikia.

Ukweli ni huu. Hapa Uingereza naendesha gari la vifurushi, na kila ninaporudi nyumbani Nottingham kutoka mji wa Sheffield kwa barabara kuu ya M1, karibu na makutano namba 29 naliona jumba juu ya kilima, mkono wa kushoto, lina minara. Siku moja mwezi wa kumi jua lilikuwa linazama na upande wote unaotazama magharibi ukawa unawaka. Nilidhani panaungua kweli, nikawa natafuta moshi. Kumbe ni vioo. Wenyeji wana msemo wao wa tangu zamani, kwamba Hardwick Hall vioo vyake vimezidi kuta.

Mimi kabla ya kuendesha gari nilikuwa seremala, Tanga, miaka kumi na moja. Nyumba yenye vioo kuliko kuta, iliyojengwa kati ya 1590 na 1597, kwa mawe na chokaa, bila nondo hata moja! Nikasema hii nitaitengeneza mezani, nijue inasimama kwa nini. Skeli ni 1 kwa 100. Ukumbi wake mrefu wa juu ni karibu mita 50, kwa hiyo mezani utakuwa nusu mita. Meza ya chakula tumeshaipoteza, ila hilo Mama Asha hajalijua bado.

19 Januari

Wiki nzima ya ramani. Nimezichapisha maktaba na kuzibandika ukutani.

Umbo lenyewe ni rahisi kuliko nilivyodhani. Ni mstatili wa ghorofa tatu, umezungukwa na minara sita inayopanda ghorofa moja zaidi: miwili mbele, miwili nyuma, mmoja kila kichwa cha nyumba. Ukiukunja uso wa mbele katikati kama karatasi, kushoto kunalala juu ya kulia bila kupishana. Kwa fundi hiyo ni raha, maana ukishakata kipande kimoja kiolezo cha pili unacho.

Anayetajwa kuwa msanifu ni Robert Smythson, ambaye alianza kama mwashi wa mawe. Katika michoro yake iliyobaki umo mmoja wa ramani inayofanana sana na hii. Mwenye nyumba ni Elizabeth Talbot, Kauntesi wa Shrewsbury, ambaye Waingereza humwita Bess wa Hardwick. Alipoanza kujenga alikuwa ameshapita miaka 60. Nyumba ya zamani ya Hardwick, hatua chache tu kutoka hapo, alikuwa anaikarabati na kuipanua tangu 1587 na ilikuwa bado haijaisha. Mafundi wa ya kwanza hawajashuka kwenye jukwaa, mama anachimba msingi wa pili. Ninawajua matajiri wa namna hiyo, nimewahi kuwafanyia kazi. Tofauti ni kwamba huyu alilipa, na vitabu vya hesabu ya ujenzi vipo hadi leo vikiwa na sahihi yake.

2 Februari

Nimekata uso wa magharibi. Kazi ya saa tisa, kwa wikendi mbili.

Madirisha ndiyo kazi. Kila dirisha limegawanywa na fito za mawe, za kusimama na za kulala, na katikati ya fito kuna vipande vidogo vya vioo vilivyoshikwa kwa risasi. Kwenye skeli yangu ufito mmoja una upana wa milimita moja na ushei. Ukikata ukielekea kwenye nyuzi za mbao, sawa. Ukikata ukikingama, kisu kinadunda, ufito unaruka. Nimevunja kumi na nne. Mwisho nikajifunza kubandika karatasi ya gundi nyuma ya plaiwudi kabla ya kukata, na kukata ufito wa kulala kwanza, wa kusimama baadaye.

Jambo moja linaonekana mara tu ukishika rula: madirisha yanakua kadiri unavyopanda. Ya chini ni ya kawaida, ya kati ni marefu, ya juu kabisa ni makubwa mno. Sisi tulifundishwa kinyume chake, chini pawe pazito, juu pawe pepesi na padogo. Hapa kinachobebwa juu kina matundu kuliko kinachobeba, na uzito wa mawe bado ni uleule wa kushuka.

Nimeinua kipande kwenye taa. Si ukuta tena, ni wavu.

9 Februari

Limeanguka.

Nilikuwa nimeunganisha kuta nne za nje na minara, nikaweka ubao wa ghorofa ya kwanza na wa pili. Usiku nikasikia kitu kama mtu anavunja kibiriti. Asubuhi uso wa magharibi umebonyea kwa ndani, mnara mmoja umelala juu ya sukari.

Nikapiga picha, nikamtumia mjomba Tanga. Yeye ni mwashi mstaafu, amejenga misikiti miwili na nyumba za watu wengi kuliko anaowakumbuka. Akapiga simu hapohapo.

“Mjomba, hiyo ni nyumba au tenga la kuku?”

“Shikamoo mjomba. Ni nyumba, ya mwaka 1590.”

“Marahaba. Na huko si kuna baridi? Moto walikuwa wanakoka?”

“Vyumba vyote vikubwa vina moto, mjomba.”

“Basi moshi unapita wapi? Kuta zako hizo hazina hata pa kupitisha uzi.”

Nikanyamaza. Nilikuwa sijachora dohani hata moja.

“Tafuta moshi unapopita,” akasema. “Ilipo dohani ndipo penye ukuta. Halafu usinitumie picha usiku, nina presha.”

16 Februari

Mjomba hajawahi kukanyaga Uingereza, na jibu alikuwa nalo.

Katika nyumba nyingi za zama zile meko na dohani zilikaa kwenye kuta za nje. Pale kwenye dohani huwezi kutoboa dirisha, kwa hiyo uso wa nyumba unakuwa na mabaka, dirisha hapa, kipande kitupu pale. Hardwick dohani zimeingizwa kwenye kuta za ndani. Ukitazama ramani ukijua unachotafuta, unaziona kuta nene katikati ya nyumba, na ndizo zinazobeba meko ghorofa juu ya ghorofa. Ukumbi mrefu una meko mawili, yote mawili yako kwenye ukuta wa ndani, yanatazamana na madirisha. Kwa hiyo ukuta wa nje umeachiwa kazi moja kubwa, kubeba vioo. Moto, moshi na sehemu kubwa ya uzito viko kati.

Na minara nilikuwa nimeielewa vibaya. Niliihesabu kama pambo. Kumbe kila mnara ni kona nne za mawe zilizoshikana, na ukuta mrefu wenye matundu ukishikwa na maboksi ya namna hiyo hauna mahali pa kuyumbia. Ukikunja kadibodi mara mbili inasimama wima yenyewe, ukiinyoosha inalala. Ndiyo hiyo.

Nimebomoa kila kitu. Naanza na uti wa mgongo: plaiwudi ya milimita 6 kwa kuta za ndani, nimezikata na njia za moshi kabisa ingawa hakuna atakayeziona. Halafu mbao za ghorofa. Kuta za nje zitavalishwa mwisho kama kanzu.

Kuna kitu kingine nilikiruka. Katika nyumba za Kiingereza za kabla ya hapo, ukumbi mkubwa ulilala sambamba na uso wa nyumba, na unaingilia pembeni, kwenye kijia kilichokingwa. Hapa wameugeuza. Unapita barazani penye nguzo, unafungua mlango wa katikati, na ukumbi uko mbele yako ukielekea moja kwa moja nyuma ya nyumba, una kimo cha ghorofa mbili. Kwa macho ya leo ni kawaida tu. Lakini bila kuugeuza, mlango usingekaa katikati, na mlango usipokaa katikati ile raha ya kukunja karatasi inakufa.

1 Machi

Hakuna kilichofanyika. Mafua ya nyumba nzima, na kazini wameniongezea zamu.

15 Machi

Uti wa mgongo umekauka. Nimeweka kamusi mbili na pakiti ya unga wa kilo mbili juu ya ghorofa ya pili, siku tatu. Haujatikisika.

Sasa kimo cha vyumba. Chini ni kwa watumishi na kazi, dari ni za chini. Ghorofa ya kati ndiko alikokaa Bess mwenyewe na jamaa zake, dari zinapanda. Juu kabisa ni vyumba vya heshima, Chumba Kikuu cha Juu na ukumbi mrefu, na ukumbi huo una kimo cha karibu mita 8. Kumbe madirisha yanayokua si mbwembwe za msanifu. Ukisimama nje unasoma cheo: mtu mkubwa anapelekwa kwenye dirisha kubwa.

Nimekumbuka nyumba za mawe za Lamu. Kule heshima inaingia ndani: daka la mlangoni, kiwanda yaani ua, misana yaani vyumba virefu vinavyofuatana, hadi ndani kabisa kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, na mgeni wa kiume anaishia sabule, chumba cha wageni. Ukuta wa nje hausemi kitu, mpita njia haambiwi chochote kuhusu aliye ndani. Bess heshima yake inapanda juu, na inaonekana kutoka maili kadhaa. Sidhani mjomba angeafiki, anasema nyumba isiyo na siri ni duka.

Ngazi imenitesa. Ni ya mawe, haipandi kwa mzunguko mmoja kama ngazi ya mnara wa taa, inatembea ndani ya nyumba, inapanda kidogo, inakata kona, inapita mbele, inapanda tena, hadi mlango wa Chumba Kikuu cha Juu. Vidaraja vyangu ni vya kadibodi, kila kimoja karibu milimita moja na nusu. Vibanio vya nyusi vya Mama Asha vimesaidia. Navirudisha kesho.

6 Aprili

Tumekwenda. Mimi, Mama Asha, na Asha.

Ukiwa chini ya kilima huoni ukubwa wake, unaona herufi kwanza. Juu ya minara, kwenye ukingo wa paa, zimechongwa E na S kubwa za mawe, zenye taji juu yake, na kupitia matundu yake unaona mawingu. Elizabeth Shrewsbury. Asha, ana miaka tisa, akasema ni kama bango la duka. Nikamwambia amemrithi babu yake.

Mawe yenyewe ni ya mchanga, yalichimbwa hapohapo kwenye mteremko chini ya nyumba. Ni ya rangi ya asali na ni laini. Pembeni mwa mlango nimepitisha kidole, kikatoka na vumbi. Kuna mawe yaliyokatwa juzijuzi yaliyopachikwa kati ya ya zamani, kingo zake kali kama sabuni mpya.

Ndani, nimeikuta ngazi yangu. Nilipanda taratibu nikiwa nahesabu, watu wakawa wananipita. Ngazi imelika katikati. Unapanda gizagiza, unakata kona, mwanga unakuja kutoka dirisha usiloliona, halafu giza tena, halafu mlango, na Chumba Kikuu cha Juu kinakupiga usoni. Kuta za chini zimefunikwa na mazulia ya kufumwa ya Brussels yenye habari za Ulysses, shujaa wa hadithi za Kigiriki. Juu yake, kuzunguka chumba chote, kuna mkanda mpana wa lipu iliyochongwa na kutiwa rangi, wa fundi Abraham Smith: msitu, wanyama, na Diana, mungu wa uwindaji wa Warumi, amekaa na wafuasi wake. Diana bikira ni salamu kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambaye hakuolewa. Chumba kilingoja malkia aje, naye hakuja kamwe.

Hapo nilisimama sana. Nimepiga lipu maishani mwangu. Ukikaribia unaona rangi imepauka, lakini vigogo vya miti vimetokeza kwenye ukuta kiasi kwamba unaweza kuvishika, ungeruhusiwa.

Ukumbi mrefu una mikeka ya matete sakafuni, imeshonwa ikajaza ukumbi mzima. Harufu ni ya ukili kabisa. Mama Asha akavuta pumzi, akasema, “Hapa ningelala.” Kwenye meko mawili kuna sanamu, Haki moja na Huruma moja. Ukutani yapo mazulia 13 ya habari za Gideoni wa kwenye Biblia. Bess aliyanunua 1592 kwa mrithi wa Christopher Hatton, aliyekuwa waziri wa malkia, na kwa kuwa yalikuwa na nembo ya Hatton, akakata pauni 5 kwenye bei kwa gharama ya kuzifunika kwa nembo zake. Paa jike wa Hatton wakaongezwa pembe, wakawa kulungu dume wa ukoo wa Cavendish, ukoo wa mume wake wa pili. Kuyasafisha na kuyatengeneza mazulia hayo kumewachukua wahifadhi miaka 24, wamemaliza 2023.

Na baridi. Ilikuwa mwezi wa nne, jua limetoka, nasi tumefunga makoti. Katika orodha ya mali ya nyumba hii ya 1601 yameandikwa mablanketi ya kutundika mbele ya madirisha ya chumba cha kulala cha bibi mwenyewe. Kajenga nyumba ya vioo, halafu usiku anaiziba kwa mablanketi.

Nilichokwenda kukiona hasa nilikiona nje, tulipokuwa tunatoka. Kuna madirisha yenye fito kamili na vioo kamili, na nyuma ya kioo ni ukuta. Madirisha ya uongo. Dohani nyingi ziko ndani, lakini si kila kitu kiliweza kufichwa, na pale ukuta au njia ya moshi ilipoangukia mahali ambapo ulinganifu ulidai dirisha, fundi aliweka dirisha na kuliziba kwa nyuma. Kioo cha kweli kina kina, unaona kivuli cha chumba. Cha uongo ni cheusi tu, hakina ndani.

20 Aprili

Kwa kuwa niko Nottingham, nimekwenda Wollaton kwa basi. Wollaton Hall ni kazi ya Smythson pia, ilijengwa 1580 hadi 1588 kwa Sir Francis Willoughby, tajiri wa makaa ya mawe. Imejaa mapambo kila inchi, huna pa kupumzisha jicho. Ukitoka hapo ndipo unajua Hardwick ni utulivu wa mzee aliyekwisha kujaribu kila kitu.

Kaburi la Smythson liko katika kanisa la kijijini hapo. Alikufa 1614. Maandishi yanamwita msanifu na mpimaji wa nyumba ya Wollaton na nyingine kadhaa zenye sifa. Hardwick haikutajwa kwa jina.

4 Mei

Kuta za nje zimevalishwa. Vioo ni plastiki angavu ya maboksi ya shati, nimeikwaruza mistari kwa sindano ili ionekane kama risasi. Madirisha ya uongo nimeyapaka rangi nyeusi kwa nyuma.

Mwenzangu wa kazini aliona picha, akasema anajua, yalizibwa kukwepa kodi ya madirisha. Nikamwambia kodi hiyo ilianza 1696, nyumba ilikuwa imekwisha karne nzima. Akasema basi huyo mama aliona mbali. Tukaishia hapo.

Kodi iliyoigusa Hardwick ni nyingine. Duke wa Kumi wa Devonshire, wa ukoo uleule wa Cavendish, alikufa 1950, kodi ya urithi ikawa asilimia 80, na familia ikaikabidhi nyumba hii serikalini badala ya fedha. Tangu 1959 iko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale.

18 Mei

Herufi. Kila moja ina kimo cha chini ya sentimita mbili, imekatwa kwa kadibodi ngumu ili mwanga upite katikati. E ni kazi ya dakika tatu. S ni adui. Nimekata kumi, sita zimefaa, mbili nimebandika zikitazama nyuma, nikazitoa kwa maji ya moto.

Mama Asha alikuwa anakunja nguo. “Huyo mama aliolewa mara ngapi?”

“Nne. Barlow, Cavendish, St Loe, Talbot.”

“Na herufi zote zake.”

“S ni ya cheo cha mume wa mwisho, Shrewsbury.”

“Mume si alikuwa ameshakufa?”

Alikufa Novemba 1590, mwaka uleule msingi unaanza. Bess alihamia 4 Oktoba 1597 na kuishi humo hadi alipokufa 1608. Mama Asha akakunja shati langu, akasema alitumia cheo vizuri.

25 Mei

Asha aliomba azime taa, akaingiza simu yenye tochi kupitia paa ambalo bado halijafunikwa. Uso wa magharibi ukawaka wote, kuanzia chini kwa madogo hadi juu kwa makubwa, na kati ya mwanga kukabaki madoa meusi ya madirisha ya uongo, mahali pake hasa.

Ila moja. Katika mnara wa pili kuna dirisha lililotakiwa kuwa jeusi, nalo linawaka kuliko yote. Nimelisahau. Nikampigia picha mjomba, saa mbili asubuhi safari hii, akaikuza akaiona mwenyewe kabla sijamwambia.

“Hapo,” akasema, “moshi utaingia chumbani.”

Kulifikia lazima ning'oe sakafu ya juu ya mnara, na sakafu hiyo nimeibandika kwa gundi ya chupa ya pili, ile kali. Jumamosi niko zamu. Jumapili.